Rampu ya Mbao Inapoteleza, Inapolia au Inapopasuka: Chanzo na Dawa Yake

Karakana yangu ya useremala hapa Nakuru imepakana na gereji. Kati yetu ni ukuta wa mabati tu, na mabati yenyewe yana matundu. Rampu nyingi za mbao, zile mafundi wa upande wa pili wanazopandishia gari ili waingie chini yake, nimezitengeneza mimi, na zikiharibika huletwa kwangu. Nimezipokea zikiwa zimepasuka, zimelegea, zimeliwa na mchwa, na nimeona kwamba makosa ni yale yale, na karibu yote hutoa ishara mapema. Nimeyapanga hapa kwa dalili, jinsi mafundi wanavyonilalamikia, ili ukiona jambo kwenye rampu yako ujue limetoka wapi na ulifanyie nini.

Kwanza kabisa: ukiona dalili yoyote kati ya hizi na kuna mtu chini ya gari, mtoe. Usimwambie "ngoja kwanza nione". Atambae atoke upande ulio karibu naye, asishike gari, asirudi kuchukua spana. Mkishakuwa wote nje ndipo mkague.

Uzito wa gari si adui wa kwanza

Wateja huniuliza swali moja: "Fundi, hii itabeba?" Swali hilo halijafika kwenye hatari yenyewe. Probox tupu ina uzito wa tani moja na ushei, na kwa kuwa injini iko mbele, zaidi ya nusu ya uzito huo hukaa kwenye matairi mawili ya mbele. Kila rampu basi inabeba kilo 300 hivi. Tairi lenye upepo wa 30 hukandamiza ubao kwa karibu kiasi hicho hicho, yaani pauni 30 kwa kila inchi ya mraba. Saiprasi iliyokauka, ikilazwa kwa ubapa na kushikwa na mbao nyingine chini yake mwanzo hadi mwisho, huhimili mara nyingi zaidi ya hapo.

Kinachoangusha gari ni mwendo. Rampu inasogea, au inalala ubavu, au ubao unapinda mahali ambapo chini yake ni hewa tupu, au misumari inaachia, au gari lenyewe linabingirika. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, usiulize tu kama mbao ni nene. Uliza ni kitu gani kinazuia isiende popote.

Rampu inasukumwa mbele tairi likiigusa

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Gari linakuja polepole, tairi linagusa ncha ya rampu, na badala ya kupanda, rampu inakimbia mbele yake. Fundi anaifuata, anairudisha, anaiwekea jiwe kwa mbele, anajaribu tena. Mara ya tatu tairi linapanda nusu, kisha rampu inachomoka.

Anza kwa kuangalia gari linaendeshwa na matairi yapi. Hiace ya matatu na Mark X ya kawaida husukumwa na matairi ya nyuma. Matairi ya mbele hayajivuti. Yanasukumwa tu, na yakikutana na mteremko nayo huusukuma. Msukumo huo hauishi tairi likishapanda. Unaendelea mpaka gari lifike mahali tambarare juu ya rampu, na unakuwa mkubwa zaidi kadiri mteremko ulivyo mkali. Rampu fupi yenye kimo kirefu, ile inayotengenezwa ili ubao uwe kidogo na bei iwe chini, ndiyo inayokimbia. Mimi kila inchi 2 za kwenda juu huzipa inchi 10 za kwenda mbele, na sipunguzi hata mteja akinung'unika kuhusu bei.

Chanzo cha pili ni sakafu. Kwenye simiti, tabaka jembamba la mchanga au vumbi la mbao hufanya kazi kama gololi chini ya rampu. Oili ndiyo mbaya zaidi. Fagia, mwagia vumbi la mbao juu ya oili ilinyonye, lizoe, halafu osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Usiweke rampu mpaka pakauke.

Dawa ya kudumu ni raba. Nenda kwa fundi wa akala, mwombe akukatie vipande vya tairi kuukuu, upana wa rampu yako. Vifunge chini ya rampu kwa skrubu, vichwa vya skrubu vizame ndani ya raba visije vikagusa sakafu. Kisha ongeza ulimi: kipande kirefu cha raba au cha mkanda wa mashine, kama futi 2, kilichofungwa imara kwenye ncha ya rampu na kulala sakafuni kuelekea kwenye gari. Tairi linaukanyaga ulimi kabla ya kuigusa rampu, na tangu hapo uzito wa gari lenyewe ndio unaoishikilia rampu wakati ule wa mguso wa kwanza. Gharama yake ni ndogo, na ndicho kitu ninachosisitiza kuliko vyote kwa mwenye gari linalosukumwa nyuma.

Rampu inarushwa nyuma, chini ya gari

Hapa gari ni Probox, Fielder, Noah, yaani lile linalovutwa na matairi ya mbele. Tairi linalopanda ndilo hilo hilo linalovuta. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, tairi linaishika rampu na kuitupa nyuma, kama mtu anayevuta mkeka ambao mwenzake amesimama juu yake. Gari linaanguka na rampu inaruka chini ya bodi.

Mara nyingi kosa ni la mguu wa dereva, si la mbao. Gia ya kwanza, klachi taratibu. Kama ni automatiki, acha gari lijivute lenyewe huku mguu ukiwa juu ya breki, mafuta kidogo tu. Angalia pia matairi yenyewe: yakitoka kwenye matope au nyasi mbichi, yafute kwanza. Na uso wa rampu uwe na mapigo ya kushikia, vipande vyembamba vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu, au ngazi zenyewe kama ni rampu ya tabaka, yaani ya mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine.

Msaidizi asisimame mbele ya gari, wala nyuma kwenye mstari mmoja na rampu. Asimame ubavuni, hatua tatu kutoka kwenye gari, mahali yeye na dereva wanapoonana macho kwa macho. Na mwelekezaji awe mmoja. Nimesikia kupitia mabati yale watu wanne wakipiga kelele "kuja, kuja, simama, bado" kwa wakati mmoja, na dereva asijue amsikilize nani.

Rampu inalia

Sauti zinatofautiana, na inafaa uzijue. Mlio mfupi, mmoja, wakati tairi linapopanda, ni mbao zinazokaa pamoja. Hautishi. Mlio mwembamba unaoendelea baada ya gari kusimama, kama mlango wenye bawaba kavu, ni msumari unaotoka polepole ndani ya mbao. Huo unatisha sana. Mlio mkavu wa "ta!" ni nyuzi za ubao zinazokatika.

Nitaeleza la kwangu. Zamani nilikuwa natengeneza rampu za sanduku: mbao mbili za inchi nane kwa mbili zimesimamishwa kwa ubavu, juu yake vipande vya kukingama, vyote kwa misumari ya inchi 4. Zilionekana nadhifu na zilikuwa nyepesi kubeba. Mbao nilizinunua mbichi yadi, nzito, bado zina unyevu. Misumari iliingia kama kwenye siagi, nami nikafurahi. Miezi ya kiangazi ikapita, Januari na Februari, mbao zikakauka na kunywea, na kila msumari ukabaki kwenye tundu lililopanuka kidogo. Mwezi wa nne mvua zilipokuwa zimeanza, fundi wa jirani akapandisha Probox, na kijana anayejifunza kazi akaingia chini kufungua filta ya oili. Nilikuwa napiga randa. Nikasikia mlio ule mwembamba ukipenya mabati, haukuwa mkubwa, nikapiga kelele: "Kijana, toka!" Akaanza kutoka. Alikuwa ametoka mpaka kiunoni rampu ya kushoto ilipojikunja ubavu, mbao mbili za pembeni zikalala kama fremu ya mlango isiyo na mbao ya mshazari.

Gari halikumfikia. Fundi mkuu ana desturi ya kuweka gurudumu la spea chini ya bodi, na siku hiyo juu ya spea alikuwa ameongeza kipande cha nne kwa nne alichookota kwenye mabaki yangu. Bodi ililala juu ya kipande kile. Alama ya bodi imeingia kwenye ubao kama nusu sentimita, na kipande hicho bado ninacho kwenye rafu.

Kilichosababisha ni vitu vitatu vilivyokutana. Misumari kwenye mbao mbichi ni cha kwanza. Cha pili, misumari hiyo ilikuwa imepigwa kwenye vichwa vya mbao, ikifuata nyuzi, na huko msumari hushika kidogo mno. Cha tatu, hapakuwa na mshazari wala ubao wa kuziba nyuma unaozuia pande zisilale. Kama rampu yako ni ya sanduku na ina hata kimoja kati ya hivi, usiitumie leo. Kuirekebisha kunawezekana: fungua, ziba nyuma na katikati kwa mbao nzima zilizojaa toka upande hadi upande, funga kwa bolti zenye washa kubwa. Lakini ukweli ni kwamba tangu siku ile sijatengeneza tena rampu ya sanduku, na anayeniomba namweleza kwa nini.

Neno kuhusu skrubu. Zile nyeusi nyembamba za kufungia jipsamu ni ngumu lakini hukatika kama chaki zikisukumwa kwa upande. Zisiwe ndizo zinazoshikilia rampu. Tumia rodi yenye uzi, milimita 10 au 12, inauzwa kwa mita kwenye duka la vifaa. Unaipitisha toka ubao wa juu hadi wa chini, nati na washa pande zote, vichwa vimezamishwa ndani ya ubao.

Kuna ufa

Nyufa ndogo za juu zinazofuata nyuzi za mbao na zisizofika upande wa pili huletwa na jua. Rampu iliyoachwa nje kiangazi chote haiwezi kukosa. Chukua penseli, weka alama ufa unapoishia, andika tarehe kando yake. Baada ya wiki mbili za kazi tazama tena. Ufa ukiwa pale pale, endelea na kazi. Ukiwa umeivuka alama, ubadilishe ubao huo.

Ufa unaopenya toka uso mmoja hadi wa pili, unaokata kuvuka nyuzi, au unaopita kwenye tundu la bolti, hausubiri wiki mbili. Ubao huo umekwisha. Usiupige gundi, usiufunge kwa waya, usiupigilie bati.

Chanzo kinategemea umbo. Wengi hukata pembetatu moja kwenye ubao mnene ili kupata mteremko laini. Kwenye ncha ya pembetatu hiyo nyuzi huwa fupi, zimekatwa mshazari, na tairi likikanyaga pale kipande humeguka. Wengine, hasa ukielekea Kakamega na Vihiga ambako mikaratusi iko kila boma, hukata vipande vya gogo na kuvisimamisha kama vigoda. Kipande cha gogo kinaonekana kigumu kama jiwe. Lakini mkaratusi una mkazo ndani yake tangu ulipokuwa mti, na unapokauka hupasuka miisho wenyewe, bila kuguswa. Kila mtu aliyepasua kuni anajua gogo lenye ufa linahitaji pigo dogo tu. Uzito wa gari ukikaa juu ya kichwa cha gogo hilo unafuata ufa ule ule.

Kisha kuna ubao mmoja ulioegemezwa juu ya jiwe. Hapo dalili si ufa tu. Utauona ubao ukipinda kama upinde tairi linapofika katikati, kisha nyuzi za chini zinaanza kusimama kama nywele. Hesabu yake ni hii: ukiongeza unene wa ubao mara mbili, nguvu yake ya kuhimili kupinda huongezeka mara nne, lakini ukilaza mbao mbili nyembamba moja juu ya nyingine bila kuzifunga pamoja, unapata mara mbili tu. Kwa hiyo kuongeza ubao wa pili juu ya ule unaopinda hakukupi ulinzi unaoudhania. Jaza chini yake, pasibaki hewa.

Na jiwe lenyewe nisiliache. Mawe ya kujengea ya huku kwetu mengi ni ya majivu ya volkeno, laini, yanakatika kwa panga. Bloku zenye matundu ni dhaifu zaidi. Mbao hulia kabla ya kuvunjika. Bloku haisemi kitu, inapasuka ghafla na kuwa changarawe. Usiweke gari lenye mtu chini yake juu ya bloku, hata kwa dakika tano.

Inayumba au inaelemea upande

Pima upana na kimo. Kimo kisizidi upana, na mimi hupenda kimo kiwe pungufu. Rampu ya inchi 8 juu iwe na upana wa inchi 10 au zaidi. Tairi la Probox ni jembamba, lakini Noah na Mark X zina matairi mapana, na tairi likikanyaga ukingo tu, uzito wote unakuwa upande mmoja. Nikiona alama za tairi kwenye uso wa rampu zimelalia ukingo wa nje, najua dereva hazipangi rampu sawa na matairi. Chora mstari wa rangi katikati ya kila rampu, uulinganishe na katikati ya tairi kabla ya kuanza kupanda. Usukani uwe umenyooka, na usizungushwe gari likiwa juu. Kama ubao umejipinda kama parapela kwa kukaushwa vibaya, rampu itacheza kona mbili hata sakafu ikiwa sawa. Hapo ni kuufungua na kuubadilisha.

Inazama

Sakafu ya gereji nyingi ni udongo. Ukiwa Kisumu kuelekea uwanda wa Kano, udongo ni ule mweusi unaonata, unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, na rampu ikikaa juu yake asubuhi, jioni baada ya mvua inaweza kuwa imezama upande mmoja. Huku Nakuru udongo wetu ni wa volkeno, mwepesi, wenye vumbi, na ukilowa hulegea. Kote dawa ni ileile: maramu iliyoshindiliwa, na chini ya kila rampu ubao wa msingi ulio mpana kuliko rampu yenyewe. Gari likishapanda, ngoja dakika 10 kabla ya mtu kuingia chini. Tazama kama kimo cha kushoto na cha kulia bado ni kimoja. Rampu ikiwa imezama upande mmoja, gari linaegemea, na lile la kulala ubavu nililosema juu linakaribia. Shusha, panga upya.

Gari linasogea likiwa juu

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili, ni hii, kwa sababu hapa rampu inaweza kuwa nzima kabisa na bado mtu akaumia.

Rampu inakupa kimo. Haina breki. Kile kizuizi cha mbao kwenye mwisho wa juu humwambia dereva amefika, basi. Gari likitaka kurudi nyuma hakuna kinacholizuia isipokuwa breki ya mkono, gia, na kabari. Sasa fikiria kila kimoja. Breki ya mkono kwenye magari mengi hushika matairi ya nyuma tu, na kwenye gari la kazi mara nyingi waya wake umelegea. Gia, au P kwenye automatiki, hushika yale matairi yanayoendesha gari. Kwenye Hiace ni ya nyuma, na hushika kupitia propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu toka giaboksi hadi nyuma. Fundi akiifungua shafti hiyo gari likiwa juu ya rampu, P imeondoka pamoja nayo. Nimeona fundi mzuri, mwenye uzoefu, akishangaa kwa nini gari limeanza kutembea, ilhali bolti za shafti zilikuwa mkononi mwake.

Kwenye gari la kuvutwa mbele kuna mtego mwingine. Liko juu ya rampu mbili, liko kwenye P, limetulia. Fundi anataka kuzungusha tairi moja aangalie bearingi, anaweka jeki na kuliinua tairi hilo kidogo toka kwenye rampu. Papo hapo P haishiki tena, kwa sababu difu, gia zinazogawa nguvu kati ya matairi mawili, inaruhusu tairi lililo hewani lizunguke na lile lililobaki kwenye rampu lizunguke kinyume chake. Gari sasa linashikwa na breki ya mkono peke yake. Kwa hiyo usichanganye rampu na jeki bila kabari imara kwenye matairi yaliyo chini. Na ukihitaji kutoa gurudumu, rampu si chombo chake. Tumia jeki na stendi, vile vyuma vya kushikilia gari likishainuliwa.

Kabari ziwe nne, mbele na nyuma ya kila tairi lililo sakafuni. Zikatwe kwenye mbao nzima, kimo chake kama robo ya kimo cha tairi, upana sawa na tairi, na raba chini. Jiwe la mviringo linabingirika pamoja na gari. Tofali linapondeka.

Gari likishatulia, lisukume kwa mikono miwili toka ubavuni, kwa nguvu, mara tatu. Kama lina la kufanya, lifanye wewe ukiwa umesimama. Halafu weka stendi mbili chini ya bodi au fremu, ziguse au zikaribie kugusa, kabla mtu hajalala chini. Kama huna stendi, panga vipande vya nne kwa nne kwa kukingamanisha, viwili hivi, viwili vile, mpaka vifike karibu na fremu. Kipande kilichomwokoa yule kijana kilikuwa kimoja tu, na siwezi kukuambia utegemee kimoja.

Unga, vitundu, ubao unaosikika mtupu

Gonga rampu kwa nyundo kila mwezi, toka ncha hadi mwisho. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu. Iliyooza hujibu kwa sauti nzito kama ya kugonga gunia, na iliyoliwa na mchwa husikika mtupu. Kisha chukua bisibisi, ichome kwenye vichwa vya mbao na upande wa chini unaogusa udongo. Ikiingia kwa mkono bila nyundo, rampu imekwisha. Unga mwembamba unaodondoka kwenye vitundu vidogo ni wa wadudu walio kazini sasa hivi.

Watu wengi huku hupaka oili chafu kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, na wakaona wapake na rampu. Naomba sana usifanye hivyo. Oili hiyo inakaa juu ya ubao ambao tairi linatakiwa kushika, na chini yake mahali rampu inatakiwa kushika sakafu. Rampu zilizopakwa oili ndizo nilizoziona zikiteleza kwenye sakafu kavu. Kinga ya mchwa ni kuiinua: iweke ndani, ubavu ukutani, juu ya vipande viwili vya mbao, isilale kwenye udongo. Rangi nzito nayo sipaki, maana inafunika nyufa. Nataka uone kila kitu.

Madogo yaliyobaki

Bampa likigusa rampu kabla ya tairi, usiongeze mwendo. Ongeza ubao mmoja mwembamba mbele ya ngazi ya kwanza, au refusha mteremko. Gari likipita kizuizi na tairi kudondokea upande wa pili, usijaribu kulirudisha kwa injini. Weka kabari, inua kwa jeki, toa rampu. Na fundi akikwambia oili ya giaboksi imezidi au imepungua, muulize gari lilikuwa wapi alipopima, kwani gari likiinama kipimo kinadanganya. Kipimo ni kwenye ardhi tambarare.

Ninayoitengeneza sasa

Ni tabaka tupu, hakuna hewa ndani. Mbao za kumi kwa mbili, saiprasi iliyokaa miezi kadhaa kivulini ikiwa imepangwa na vijiti katikati. Ubao wa chini inchi 44, wa pili 34, wa tatu 24, wa juu 14, zote zikilingana nyuma, hivyo mbele zinakuwa ngazi. Rampu mbili hula kama futi 20 za mbao. Rodi nne kila moja, zisikaribie kichwa cha ubao chini ya inchi 3. Naongeza kizuizi cha nne kwa nne juu, raba chini na ulimi mbele. Ubao wenye fundo kubwa nauweka tabaka la kati au siutumii. Kila rampu inapita kilo 15, na vijana hulalamika kuibeba. Ni ya magari madogo na ya wastani yasiyo na mzigo. Canter na lori, hapana, hata nikilipwa mara mbili.

Rampu ikishakufa, usiitupe nyuma ya gereji. Mtu ataiokota siku ambayo haupo, na hatajua kwa nini iliachwa. Chukua msumeno, ikate katikati siku hiyo hiyo. Vipande vilivyo vizima vitakuwa kabari. Vilivyolowa oili au vya mbao iliyotibiwa dawa usimpe mama wa mahindi ya kuchoma, kwa sababu moshi wake unaingia kwenye chakula cha watu.